Mtaalamu mzoefu asilazimishwe kubahatisha mshahara

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku hizi methali hii imegeuzwa fimbo ya kuwachapa wataalamu wa tarakilishi wenye uzoefu mkubwa ambao wamepoteza kazi. Wanaambiwa wainame. Swali wasilojibiwa ni hili: wainame kiasi gani?

Majuzi alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiunda programu za tarakilishi jijini Nairobi. Kampuni iliyomwajiri ilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwao. Katika mahojiano ya kwanza aliulizwa anatarajia kulipwa kiasi gani. Akataja mshahara aliokuwa akipokea, na hakupigiwa simu tena. Kwingineko akataja nusu yake. Safari hii aliambiwa kwa upole kwamba mtu wa kiwango chake akikubali malipo hayo, bila shaka ataondoka pindi soko litakapochangamka.

“Mwalimu,” akaniuliza, “jibu sahihi ni lipi?”

Ili tumjibu, yafaa kwanza tutazame mshahara wake wa awali ulitoka wapi. Wakati wa janga la korona, riba nchini Marekani ilikaribia sufuri, na fedha za wawekezaji zikatafuta pa kwenda. Zilifika hata Nairobi. Kampuni za ng’ambo ziliwawania wataalamu wetu, na baadhi yazo zikawalipa kwa dola. Kuanzia Machi 2022 riba hiyo ilianza kupandishwa, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Wawekezaji wakafumba mikono. Mnamo Januari 2023 pekee, Google ilitangaza kuwaachisha kazi watu 12,000, Microsoft 10,000 na Amazon zaidi ya 18,000. Hapa nyumbani, Sendy ilisitisha shughuli zake mwaka huo huo, na mwaka wa 2024 Copia ikawekwa mikononi mwa wasimamizi.

Ni dhahiri basi kwamba mshahara wa mwaka wa 2021 haukupima ujuzi peke yake. Ulipima pia wingi wa fedha zilizokuwa zikizagaa. Anayeng’ang’ania tarakimu ile anakinga mtungi kwa mvua iliyokwisha kunyesha.

Hata hivyo, waajiri nao wasijipigie makofi. Neno mshahara tulilipata kutoka Kiarabu, na shina lake lina maana ya mwezi. Ni malipo ya mwezi. Ujira, ambalo pia asili yake ni Kiarabu, ni malipo ya kazi iliyotendwa. Mwajiri huuliza bei ya mwezi wa mtu, ilhali anachokihitaji ni kazi yake: kuuzuia mtambo wa benki usikwame siku ya mishahara, au kuugundua mwanya kabla mwizi hajaupenya. Riba za Marekani hazikuupunguza ujuzi huo hata chembe.

Tujilinganishe sisi walimu. Mwalimu wa shule ya umma analijua daraja lake, kuanzia B5 hadi D5, na anajua kila daraja hulipwa nini. Anaweza kulalamika kwamba malipo ni haba, na mara nyingi ana haki, lakini habahatishi. Mtaalamu wa tarakilishi hutakiwa abahatishe. Akitaja juu, ana tamaa. Akitaja chini, ana kasoro. Aijuaye bajeti ni mwajiri, na ndiye huyo huyo anayeuliza!

Wenzetu wameling’amua jambo hili. Jimbo la Colorado tangu 2021, jiji la New York tangu Novemba 2022 na California tangu 2023 huwataka waajiri wataje kiwango cha malipo katika matangazo ya kazi. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo mwaka wa 2023 kwamba mwombaji aelezwe kiwango hicho mapema, wala asiulizwe alilipwa nini zamani. Kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 inaagiza malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Je, usawa huo utajulikanaje gizani?

Watakuwapo wa kusema kwamba kutangaza malipo kutazua ugomvi kazini. Taa ikiwashwa na uchafu ukaonekana, taa si iliyoleta uchafu.

Nilimshauri mwanafunzi wangu hivi. Kwanza, apige hesabu ya kodi ya nyumba, karo na makato yote, apate sakafu ambayo hatashuka chini yake. Pili, akiulizwa, naye aulize kwa adabu ni kiasi gani kilichotengewa kazi hiyo. Tatu, akikubali kilicho pungufu, adai iandikwe katika mkataba ni lini malipo yatatazamwa upya, ama siku za kazi zipunguzwe. Hapo hataonekana mpita njia.

Nanyi wanafunzi mnaokimbilia masomo ya tarakilishi kwa sababu ya mishahara mliyosimuliwa, someni kwa kuwa mnaipenda kazi yenyewe. Soko hupanda na kushuka. Ujuzi hukaa na mwenyewe.

Kuinama si aibu. Lakini anayemwambia mwenziwe ainame, na amwonyeshe kwanza mvungu una kina gani.