Triga Si Kava ya Simu

Wasee, nichukieni tu. Zile video za Wamarekani wakibadilisha triga ya bunduki kwa meza ya jikoni, kahawa kando, muziki chini chini? Ni ujinga. Na nyinyi huku mnajaza makomenti ya moto!

2014 kampuni ya Remington iliita irudishwe bunduki yoyote ya Model 700 na Model Seven yenye triga ya X-Mark Pro. Shida ilikuwa nini? Gundi. Gundi imezidi kidogo ndani ya triga, na bunduki ingeweza kufyatuka bila mtu kuivuta. Hicho ni kiwanda, buda, kina mashine na watu wa kukagua. Sasa wewe na bisibisi yako?

"Lakini triga laini inalenga poa." Sawa, uwanjani. Nyumbani, laini ni laini hata kwa kidole cha mtoto. Halafu jamaa anavuta mara mbili, inalia klik, anacheka na kamera, kwisha. Kuigonga aone kama itashika? Wapi! Na kuta za nyumba nyingi kule ni mbao na jasi, risasi inapita tu. Jirani hakuomba kuwa kwa video yako.