Huyo Si Kiumbe wa Anga, Ni Mtoto wa Watu

Wasee, mnajua zile video. Jamaa na tochi, usiku, jangwani. Anafika makaburini, majeneza yako wazi, fuvu linaangalia kamera. Muziki wa kutisha unaingia, na juu imeandikwa "mji wa mizimu". Watu wanabonyeza kama hawana akili nzuri. Mahali pamoja panapopendwa kwa video kama hizo ni La Noria, kaskazini mwa Chile. Mimi nasema tunapaangalia vibaya, na kuna mtu ameumia kwa sababu hiyo.

Historia kidogo kwanza, haiumi. La Noria ulikuwa mji wa machimbo kwenye Jangwa la Atacama, bara kidogo kutoka bandari ya Iquique. Walikuwa wanachimba shura, chumvi fulani yenye nitrati. Ulaya iliitaka kwa mbolea na kwa vilipuzi. Eneo lenyewe lilikuwa la Peru mpaka vita vilivyoanza 1879, Chile ikalichukua. Wafanyakazi walitoka Chile, Peru na Bolivia. Na msijidanganye ati walikuwa wanaomoka. Wengi walilipwa kwa vibati vya kampuni, na kibati unakitumia wapi? Kwa duka la kampuni hiyo hiyo. Desemba 1907 maelfu ya wachimbaji walishuka Iquique kudai haki, wakapigwa risasi na wanajeshi kwenye shule ya Santa María. Mpaka leo watu wanabishana ni wangapi walikufa.

Halafu Wajerumani wakajua kutengeneza nitrojeni ya mbolea kiwandani, kutoka kwa hewa tu. Kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza 1913. Soko la shura likaporomoka pole pole, miji ikabaki mahame. Watu walifunganya wakaenda, lakini kaburi halifunganyi.

Atacama ni kukavu vibaya, kwa hivyo mwili unakauka badala ya kuoza, na msalaba wa mbao unasimama miaka na miaka. Ndiyo maana makaburi ya La Noria ni kama maktaba. Mchimbaji hakuandika kitabu. Hakuna mtu alimchora picha. Kitu pekee kinachosema alipita hapa duniani ni pale alipolazwa: jina, umri, nguo, mifupa iliyochoka kubeba mawe. Kaburi la mtoto linakuambia maisha ya kambini yalikuwaje kuliko ripoti yoyote ya mwenye kampuni.

Lakini wezi wamefukua maktaba hiyo wakitafuta vitu vya kuuza. Na mwaka wa 2003, hapo hapo La Noria, mtu alipata kamwili kadogo, urefu kama sentimita 15, kamefungwa kitambaa cheupe na utepe wa zambarau. Kakauzwa, kakauzwa tena, kakaishia Uhispania. Kichwa chake kilikuwa kimechongoka, basi watu wakasema ni kiumbe kutoka sayari nyingine. Mwaka wa 2013 kakatiwa kwa filamu. Dunia nzima ikashangaa.

Mwaka wa 2018 wanasayansi wakatoa matokeo ya DNA: ni binadamu, msichana, na asili yake ni huko huko Chile. Hakuwa wa zamani sana pia, alikufa miongo michache tu iliyopita. Wataalamu wengine wakaongeza kwamba huyo ni mimba iliyotoka mapema, na umbo lile ni la kawaida kwa umri huo. Wanasayansi wa Chile wakakasirika, na haki yao: aliibwa, na huenda mama yake bado yuko hai.

Rudi kwa ule utepe kidogo. Mtu alikaa chini, akatafuta kitambaa kisafi, akamfunga mtoto wake, akamweka mahali pa heshima. Sisi tukamfanya katuni.

Najua mtaniambia: bila hizo video nani angejua La Noria iko? Sawa, hiyo ni pointi. Sisemi msirekodi. Shida ni kwamba video za mizimu zinaleta macho bila kuleta ulinzi. Viwanda vya Humberstone na Santa Laura, vya shura hiyo hiyo, viliingia orodha ya urathi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2005. La Noria haimo. Mashine zimepata walinzi, waliozisukuma wameachwa wazi kwa jua. Hapo ndipo kelele zetu zinafaa kwenda.

Na tusijifanye hii ni stori ya mbali. Hapa kwetu tunajua kaburi linaweza kubeba historia: pale Gede, pwani, kuna kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1399, na hilo limesaidia kujua mji ule ni wa lini. Gede ikaingia orodha ya UNESCO 2024. Lakini Kakamega nayo ilikuwa na dhahabu miaka ya thelathini. Mwaka wa 1932 mkoloni alibadilisha sheria ndiyo wachimbaji wapate ardhi ya wenyeji kirahisi. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Wangapi wetu tunajua waliokuwa wakishuka mle chini walizikwa wapi?

Kama una simu na nyanya huko nyumbani, muulize wiki hii. Andika majina, piga picha ya mahali, usiguse kitu, usibebe kitu. Na ukikutana tena na video ya fuvu la La Noria, kabla ya kuisambaza, andika pale chini kwamba huyo alikuwa mfanyakazi na alikuwa na watu wake.