Kivu Kusini: Kroshe ya remorke ichaguliwe kwa uzito, si kwa bei

Jipu inayokokota remorke inaweza kuwa gari ya kuhamia kwa familia mashariki mwa Congo. Vita vinapokaribia kijiji, lori halipatikani au bei yake haishikiki, na hapo jirani mwenye Land Cruiser au Prado hufunga remorke nyuma na kuanza safari. Magodoro, mabati, masufuria, magunia ya maharage, mashine ya kushonea: mali yote ya nyumba moja, mara nyingine ya nyumba tatu, inashikiliwa na chuma kimoja kisichozidi urefu wa mkono. Chuma hicho ndicho kroshe.

Wenye magari wengi huchunguza matairi na kupima mafuta, lakini kroshe wananunua ile ya bei ndogo kwenye vyuma vya okazioni, au wanamwomba fundi achomelee chochote kwenye bampa. Tabia hiyo inapaswa kukoma, kwa sababu kroshe ikikatika, hasara haimpati mwenye gari peke yake. Inampata mama aliyepakia kila alicho nacho, na inampata mpita njia anayetembea kando ya barabara na mtoto mgongoni.

Anayeijua barabara ya taifa nambari 5, kutoka Bukavu kupitia Nyangezi hadi Kamanyola na Uvira, anaujua mteremko wa Ngomo. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni shimo, na njia ni nyembamba. Hapo remorke haivutwi tena, bali inaisukuma jipu kutoka nyuma. Kila shimo la barabara linapiga kroshe kama nyundo. Chuma kilichovumilia tambarare ya Ruzizi kinaweza kukatikia hapo.

Jambo la kwanza kujua ni uzito, na hesabu yake haihitaji shule kubwa. Remorke tupu yenye kilo 300, magunia 6 ya maharage ya kilo 100, na watu 4 waliokaa juu ya mizigo: jumla inapita kilo 1,100. Huko Ulaya, remorke ya jipu isiyo na freni zake yenyewe haivuki kilo 750. Juu ya hapo, sheria inataka remorke iwe na freni. Ikiwa kipimo hicho kimewekwa kwa barabara za lami, kwenye Ngomo kinapaswa kuheshimiwa zaidi.

Jambo la pili ni kibati. Kroshe iliyotengenezwa kiwandani kwa vipimo vya Ulaya ina kibati chenye herufi D na S. S ni kilo ambazo pua ya remorke inaruhusiwa kukandamiza juu ya kroshe. D ni nguvu ya kuvuta. Ili kuipata, tani za jipu zinazidishwa kwa tani za remorke, jibu linagawanywa kwa jumla ya tani hizo, kisha linazidishwa kwa 9.81. Jipu ya tani 3 na remorke ya tani 1 na nusu vinadai D ya karibu 10. Remorke ikifika tani 3, inadai karibu 15. Kroshe isiyo na kibati haina ushahidi wowote ila maneno ya muuzaji.

Hata kroshe ikiwa imara, haiipi jipu nguvu ambayo haina. Kitabu cha gari, kroshe, mpira wa chuma na kichwa cha remorke, kila kimoja kina kikomo chake. Kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Asiyejua hilo hununua kroshe ya tani 3, akaifunga kwenye gari ya tani 1 na nusu, akadhani amepona.

Halafu kuna mahali pa kuifunga. Land Cruiser ina shasi yake. Kroshe ifungwe kwenye shasi hiyo, pande zote mbili, kwa bolti ngumu zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani, na bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. RAV4 haina shasi ya namna hiyo, kwa hiyo inahitaji kroshe iliyotengenezwa kwa ajili yake, ifungwe kwenye matundu ya kiwanda. Bampa haikuumbwa kukokota. Kuchomelea ovyo nako huunguza chuma cha pembeni, na ufa huanzia hapo bila mtu kuuona.

Mpira wa chuma nao unadanganya macho. Wa Ulaya una milimita 50. Upo mwingine, wa Marekani, wenye karibu milimita 48. Kichwa cha milimita 50 kinaukalia vizuri jipu ikiwa imesimama, kisha kinaruka kwenye shimo la kwanza. Kwa njia mbovu, kroshe ya pete na ndoano, inayoonekana kwenye magari mengi ya jeshi, inafaa kuliko mpira, kwa kuwa inaruhusu remorke kupinduka huku na huku bila kuchomoka. Kwa vyovyote, minyororo miwili ipishanishwe chini ya mkono wa remorke. Kamba si mnyororo.

Madereva watajibu kwamba kroshe nzuri ni ghali na kwamba anayekimbia risasi hana muda wa kusoma vibati. Kweli, asubuhi ya kukimbia hakuna anayepima. Ndiyo maana kazi hii inapaswa kufanywa siku ya utulivu, gari ikiwa garajini. Asiye na pesa ya kroshe nzuri bado anaweza kupunguza mzigo, kuweka magunia mazito juu ya ekseli na kuyasogeza mbele kidogo, na kutompandisha mtu juu ya remorke. Vitu vyote vizito vikirundikwa nyuma, remorke inayumba kama mkia wa samaki. Vikirundikwa mbele kupita kiasi, jipu inainua pua na usukani unakuwa mwepesi.

Mafundi nao wana sehemu yao. Anayekubali kuchomelea kroshe kwenye bampa anajua anachofanya, na kukataa kazi hiyo si kupoteza mteja, ni kumwokoa. Kwenye barieri, anayesimamisha gari kwa ajili ya karatasi na malipo angeweza kuinama dakika moja kutazama bolti na minyororo. Mashirika yanayokodi jipu kwa kupeleka matangi ya maji kambini nayo yakumbuke kwamba lita 1,000 ni kilo 1,000 kabla ya kuhesabu tangi lenyewe.

Na familia inayokodi ina haki ya kuuliza kabla ya kupakia gunia la kwanza: kroshe imefungwa wapi, minyororo iko wapi, remorke ina freni? Dereva akikasirika kwa maswali hayo, afadhali kutafuta mwingine. Waliokwisha kupoteza nyumba hawapaswi kupoteza na kilichobaki kwa sababu ya bolti mbili.