Karatasi ya Ukoo Haimlei Mbwa

Kuna imani iliyoota mizizi mijini kwetu, kuanzia Dar es Salaam na Arusha hadi Nairobi, kwamba tabia ya mbwa hununuliwa pamoja na mbegu yake. Ukitaka mlinzi, tafuta mtoto wa German Shepherd, Rottweiler au Boerboel. Mfungie bandani mchana kutwa asizoee watu. Usimwache acheze, atalegea. Kisha ngoja ukali uje wenyewe, maana umo damuni. Madalali huitangaza imani hii kwa picha ya baba mbwa mwenye kifua kipana, na wenye nyumba huilipia fedha nyingi. Ni imani ya uongo, tena ina madhara: humharibu mnyama, huhatarisha watoto, na nyumba yenyewe hubaki bila mlinzi.

Sisemi mbwa wote ni sawa. Tofauti za aina zipo, na huonekana mapema katika michezo. Mtoto wa terrier hunasa kitambaa kwa meno na kukitikisa kwa nguvu, jinsi wazee wake walivyowamaliza panya. Border Collie hujikunyata, humkazia macho mwenzake, humnyatia, halafu humzunguka ghafla. Retriever huokota kiatu chako na kutembea nacho nyumba nzima bila kukitafuna. Boxer husimama na kurusha miguu ya mbele. Raymond na Lorna Coppinger, wataalamu wa mbwa wa Marekani, walieleza vizuri chanzo cha haya: uwindaji wa mbwa mwitu ni mfululizo wa vitendo, yaani kutafuta, kukazia macho, kunyatia, kufukuza, kukamata na kuua, na wafugaji kwa vizazi vingi walikuza kitendo kimoja na kufifisha kingine. Mtoto wa mbwa anapocheza, hurudia sana kile kipande kilichokuzwa katika ukoo wake.

Lakini hilo ni jambo la namna ya kucheza. Halikuambii kama atamuuma mjomba wako.

Tumtazame huyo German Shepherd anayeabudiwa. Aina hii ilianzishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa farasi jeshini, kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Rottweiler naye alitokea mji wa Rottweil, akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Kwa hiyo mtoto wa miezi miwili na nusu anayekimbilia miguu ya watoto na kudokoa visigino anachunga. Hana kingine cha kuchunga. Baba mwenye nyumba hucheka kwa fahari na kusema, "Huyu atakuwa mkali," akampongeza kwa kuuma watu. Jirani yake humchapa, akamfundisha kwamba mkono wa binadamu huleta maumivu. Wote wawili wamemsoma vibaya, na wote wawili watayavuna baadaye, akiwa na kilo 35 na meno ya kudumu.

Kinachopaswa kutokea katika umri huo ni kujifunza kupima nguvu ya taya, na walimu wake wa kwanza ni ndugu zake wa uzao mmoja. Akimng'ata mwenzake kupita kiasi, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Baada ya mara nyingi za namna hiyo hujua mpaka uko wapi. Hujifunza pia adabu za mchezo: kuinamisha kifua na kuinua makalio ili kualika, kukubali kulazwa chali na mwenzake mdogo ingawa ana nguvu kumshinda. Shule hii ina muhula mfupi, na sisi huwaondoa watoto wakiwa na wiki tano, kwa sababu muuzaji hataki gharama ya kuwalisha zaidi. Mnunuzi naye hufurahi kwamba amempata mdogo, "atanizoea mimi peke yangu". Amepata mtoto aliyekatishwa shule.

Anayedai kwamba damu itafanya kazi yenyewe angepaswa kujua kilichogunduliwa katika kituo cha utafiti cha Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, na watafiti John Paul Scott na John Fuller. Kwa miaka mingi walilea watoto wa mbwa wa aina tano katika mazingira yanayofanana, wakachapisha kitabu mwaka 1965. Walikuta tofauti za kweli. Watoto wa Fox Terrier waligombana kiasi kwamba ilibidi baadhi watenganishwe. Mfano mzito zaidi kwetu ni Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine. Katika wiki ya tano watoto wa Basenji waliogopa watu kuliko aina nyingine zote: walikimbia, walipiga kelele, walijaribu kuuma. Wachache wangeona hapo kitu kingine zaidi ya ukali wa kuzaliwa. Walipoendelea kushikwa na kuchezewa na watu, hofu hiyo ilishuka haraka katika wiki chache. Ukoo ulionyesha alipoanzia. Mikono ya watu ndiyo iliyoamua alipofika.

Katika kituo hichohicho, mwaka 1961, yalichapishwa matokeo ya jaribio lingine. Watoto wa mbwa walikuzwa kwenye uwanja wenye uzio mrefu bila kukutana na watu, isipokuwa wale waliotolewa kwa zamu katika wiki tofauti. Waliofikisha wiki 14 bila kumjua binadamu wakawa kama wanyama wa porini. Nao walikuwa Beagle na Cocker Spaniel, mbwa wanaosifiwa kwa upole dunia nzima! Sasa litazame lile banda nyuma ya nyumba, lenye bati juu na nondo mbele, sahani ya ugali ikisukumwa kwa mguu jioni. Ni uwanja uleule, ila mwembamba zaidi, na hauna hata ndugu wa kucheza nao.

Mbwa atokaye humo ni mwoga. Huogopa mwavuli, toroli, mtoto anayekimbia, fundi bomba. Huuma kwa sababu hana njia nyingine aliyofundishwa ya kukiondoa kinachomtisha, na hawezi kumtofautisha mwizi na shangazi aliyekuja na mabegi. Hubwekea kila kitu usiku kucha hadi mwenye nyumba anaacha kuamka. Huo ndio ulinzi tuliotaka kuupata kwa kumnyima mchezo wa utotoni. Na mbwa asiyeshikika hachanjiki dhidi ya kichaa cha mbwa: daktari wa mifugo akija, hakuna wa kumshika. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Jambo hili halivumiliki, na sehemu yake tunaitengeneza wenyewe.

Utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani, ulikuta kwamba aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Utayari wa kufuata maelekezo ya binadamu ulitegemea aina kuliko tabia nyingine. Wepesi wa kukasirika karibu haukutabirika kwa aina kabisa. Tunanunua kwa bei kubwa kile ambacho karatasi ya ukoo haiwezi kuahidi.

Wapo watakaosema, je, mbwa walinzi wa mifugo? Hao ndio ushahidi wangu. Namibia, tangu mwaka 1994, taasisi ya kuhifadhi duma imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki ili walinde mbuzi. Aina hii imefanya kazi hiyo kwa karne nyingi, lakini hawaiachii damu. Mtoto huwekwa kati ya mbuzi akiwa mdogo, na akigeuza mbuzi kuwa mchezo wa kukimbizana, hukatazwa hapohapo.

Hoja moja pinzani naiheshimu: hofu ya parvo kwa mtoto ambaye hajamaliza chanjo. Ni ugonjwa unaoua. Basi usimpeleke jalalani wala mahali wanapojisaidia mbwa usiowajua. Mbebe mikononi, mwonyeshe barabara, karibisha majirani na watoto wao wamshike kwa upole chini ya macho yako, mtafutie mwenzake mwenye afya aliyechanjwa. Akibweka mgeni anapoingia, usimpigie makofi. Mwite, akae, apate kipande cha dagaa. Mlango wa banda ubaki wazi mchana.

Na ukienda kununua, iache picha ya baba. Uliza: nani amemshika huyu tangu wiki ya tatu? Ameona watoto? Amekaa na ndugu zake hadi wiki ya nane? Mama yake yuko wapi, na naweza kumgusa? Muuzaji asiyeweza kujibu, mwachie mbwa wake, hata kama babu wa mbwa huyo alishinda vikombe Ulaya.