Mpita Njia Naye Ahesabiwe

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita Mapinga, Kerege na Zinga, na mkono wa kulia hukutana na njia za vumbi zinazoshuka pwani, mojawapo ikimfikisha Mlingotini kwa wakulima wa mwani. Kandokando ya njia za namna hii ndipo wanaposali watu wasio na majengo makubwa: msikiti wa chumba kimoja wenye pipa la maji ya kutawadhia, kigango kinachopata padri mara chache kwa mwezi, kaburi la mtu mwema lililofungwa kitambaa, mbuyu unaowekewa nadhiri. Mahali kama hapa hapapimwi kwa kipimo kinachopastahili, na kwa sababu hiyo tunaweza kupapoteza kihalali kabisa, karatasi zote zikiwa zimesainiwa. Mthamini huhesabu matofali na bati. Mpita njia hamhesabu, ilhali ni kwa ajili yake mlango ule umetazama barabarani.

Tuitazame sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863; la baada ya hapo husubiri litangazwe na waziri. Magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya tangu karne ya 13, yamo. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ilichelewa miaka mitano, sembuse kigango cha matofali ya saruji. Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni za fidia za 2001 zinataka bei ya soko, na jengo lisilouzika hukadiriwa kwa gharama ya kulijenga upya. Lililoangukia kwenye hifadhi ya barabara, ambayo Sheria ya Barabara ya 2007 iliitanua kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, hungoja alama ya X: ya kijani ina malipo, nyekundu haina. Hata hivyo ipo sheria moja iliyokwenda mbali zaidi ya hizi zote. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inataka taarifa itolewe kabla ya kaburi kuguswa, na miongoni mwa gharama inazokubali kulipa zimo za matambiko na ibada za kuomba radhi. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 50 tangu nchi hii ikubali kwa maandishi kwamba kuna mahali ambapo thamani yake haiishii kwenye mawe.

Kwamba wageni ndio wanaopatia mahali thamani, Bagamoyo ina ushahidi wa kutosha. Neville Chittick na wachimbuaji wake walipofanya kazi Kaole mwishoni mwa miaka ya 1950, mji wa kale ulikuwa umehamwa zamani, lakini mpaka leo wapo wanaofika kwenye kaburi la Sharifa na haja zao. Mnara wa kanisa la kwanza la Misheni, la mwaka 1872, watu wanauita kwa jina la Livingstone, mtu ambaye hakuwahi kuuona akiwa hai. Mwili wake, uliobebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka Chitambo alikofia kwa zaidi ya kilomita 1,500, ulilazwa pale Februari 24, 1874, kisha ukavushwa kwenda Unguja. Usiku mmoja wa msafiri maiti umeupa mnara jina lisilofutika. Kwa jirani zetu Kenya, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa karibu na Mai Mahiu, wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara walijenga kikanisa mwaka 1942. Ni kidogo mno, watu wachache tu wakiingia kimejaa. Waliokijenga waliondoka siku nyingi, nacho kinaendelea kutembelewa kwa kuwa kiko palepale magari yanapopita. Kihamishie kilomita tatu ndani ya mashamba, uone nani atakifuata.

Hapo ndipo penye kosa la hoja isemayo kwamba nyumba ya ibada hujengwa popote. Waumini wa kijiji watahama na imamu wao au katekista wao, na katika makazi mapya watasali vizuri tu. Dereva wa lori, mama muuza samaki anayerudi usiku, mgeni aliyeshikwa na adhuhuri njiani, hao hawana makazi mapya. Wengine husema serikali haina dini, na wanasema kweli; Ibara ya 19 ya Katiba inaziachia jumuiya za dini uendeshaji wa mambo yao. Lakini hakuna anayeiomba serikali iezeke msikiti. Inaombwa isivunje bila kuuliza, kama inavyotakiwa isifukue bila kuuliza. Pingamizi zito zaidi ni wingi: sehemu hizi ni nyingi, na nchi inahitaji barabara na bandari. Nalikubali hilo kwa moyo mmoja. Vijana wa Mlingotini wanahitaji ajira, na si kila mbuyu utasalimika. Ila hata kuchagua cha kubaki kunahitaji orodha.

Na muda wa kuiandika upo. Jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo liliwekwa Oktoba 2015, mradi ukasimamishwa mwaka 2019, kisha tangu 2021 umeanza kuzungumzwa tena. Halmashauri ya Wilaya, ikiwa na wenyeviti wa vijiji na wazee wa Mlingotini, Pande na Kondo, inaweza kuandika kila mahali pa sala palipo njiani, nani hupatunza na akina nani husimama hapo. Wathamini wakirudi waikute. Palipo lazima kuondolewa, fidia iwe ni pamoja na kiwanja kwenye barabara mpya, karibu na maji, si nyuma ya makazi. Na gharama za ibada ya kuhama ziingizwe kwenye hesabu kama sheria ya 1969 inavyowafanyia waliolala makaburini.