Hisa za nyaya baridi: wanunuzi wapunguze pupa
Mapema Agosti 2023 hisa za American Superconductor, mtengenezaji wa nyaya zisizopoteza umeme, ziliruka New York kwa madai ya Korea Kusini kuhusu LK-99, kitu chenye risasi na shaba. Bei ikashuka upesi, na kabla ya mwezi kwisha maabara zilikuwa zimeyakanusha madai.

Hata oksidi ya shaba ya kweli, kazi ya Bednorz na Müller huko Uswisi mwaka 1986, ni ngumu. Bila kuchanganywa, atomi zake za shaba hukaa kama sumaku ndogo zinazopingana, umeme haupiti. Ikipunguziwa elektroni kiasi na kupozwa sana, umeme hupita bila upotevu. Kwa nini? Wanafizikia bado wanabishana. Nayo ni kauri, huvunjika kama kigae. Kuifanya waya ni gharama. Mwenye akiba ndogo aangalie oda zilizolipiwa.