AFYA YETU: Kuchoka Siyo Uvivu Kila Mara

Jamaa zetu waliotoka hapa kambini kwenda kutafuta maisha Jinja na Mbale wanafikiwa na gazeti hili kwa mikono ya wasafiri. Mwezi huu tunajibu barua mbili kutoka kwao. Zote zinaongea jambo moja: mwili kukosa nguvu. Mimi ni mwalimu, siyo daktari. Ninayoandika hapa ni ya kukusaidia ujue lini uende hospitali na uulize nini.

BARUA YA JINJA

Mama mmoja anakaa karibu na ziwa, ana mimba ya miezi sita. Anasema akibeba jerikeni moja tu moyo unapiga mbio na kichwa kinazunguka. Mume wake amemwita mvivu.

Baba, tafadhali usiseme hivyo tena. Chembe nyekundu za damu ndizo zinabeba hewa safi kwenda mwili mzima. Zikipungua, moyo unafanya kazi mara mbili na mtu anachoka hata akikaa tu. Mama mwenye mimba anahitaji damu zaidi, yake na ya mtoto. Akijifungua huku damu ni kidogo, akitokwa na damu nyingi anaweza kufa. Kwa hiyo hili siyo neno la kugombana nyumbani, ni la kwenda kupima.

Damu inapungua kwa njia nyingi, na kando ya ziwa njia hizo zinakutana:

1. Malaria. Vijidudu vyake vinapasua chembe za damu. Lala ndani ya neti kila siku, hata kiangazi. Meza vidonge vya kuzuia malaria wanavyotoa kliniki ya wajawazito.

2. Minyoo ya safura. Inaingia kwa ngozi ya miguu ukitembea peku penye uchafu wa choo, halafu inakaa tumboni inanyonya damu. Vaa ndala, tumia choo. Watoto wapewe dawa ya minyoo kila miezi 6.

3. Kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinaingia mwilini wakati wa kuoga, kufua au kuvua ziwani. Uganda ilianza mpango wa kugawa dawa yake mwaka 2003. Wakija kugawa, msikimbie. Mwenye mimba aseme kwanza.

4. Chai. Hii inashangaza wengi! Chai ya majani ukiinywa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, na madini hayo ndiyo yanatengeneza damu. Kula kwanza, kisha subiri saa moja au zaidi. Kwenye maharage, dodo au mukene kamulia limau, au kula chungwa baadaye. Hiyo inasaidia chuma kuingia.

Vidonge vya chuma vya kliniki usiviache kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Ni kawaida. Ila vifiche mbali na watoto, maana mtoto akimeza vingi ni sumu.

Na soda nyekundu? Hapana. Rangi siyo damu. Hata vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa boda boda wanapenda ni sukari na kafeini tu. Vinakukopesha nguvu ya saa chache, halafu usiku unakosa usingizi, na deni unalipa kesho.

BARUA YA MBALE

Baba mmoja ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mikono na miguu inavimba, analia sana, macho yanakuwa ya njano, hana nguvu ya kucheza. Majirani wanasema amerogwa. Upande wa baba wanasema mama ndiye ameleta ugonjwa.

Ndugu yangu, dalili hizo zinafanana na ugonjwa wa seli mundu, ule watu wanaita sickle cell. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, zinakufa haraka. Ni kipimo cha damu tu kinachoweza kusema kweli. Uchunguzi uliofanyika Uganda nzima mwaka 2014 na 2015 ulikuta watoto zaidi ya 13 kati ya 100 wamebeba mbegu yake bila kuumwa. Hamko peke yenu.

Na tumwache mama. Mtoto hapati ugonjwa huu mpaka apokee mbegu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa, na hakuna mganga wa kuondoa.

Lakini msaada upo. Mpelekeni hospitali kubwa ya Mbale. Akikutwa nao, kuna dawa za kuzuia maambukizi na malaria, vidonge vya foliki, na dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Akipata homa msingoje asubuhi.

Watafiti wa hospitali hiyo walishiriki utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wenye upungufu mkubwa wa damu, matokeo yakatoka mwaka 2019. Ulionyesha kwamba siyo kila mtoto lazima aongezewe damu palepale, lakini lazima aangaliwe kwa karibu. Daktari akiwaambia mngoje wodini, msichukue mtoto mkarudi nyumbani.

KIMBIA HOSPITALI ukiona: viganja na ndani ya mdomo vimekuwa vyeupe, mtoto anahema haraka, mkojo mweusi kama soda, degedege, au hawezi kukaa wala kunyonya.

Kwetu walimu na wazazi: mtoto anayesinzia darasani tusianze na fimbo. Tumuulize kama amekula, amelala wapi, na lini alipimwa damu.

Maswali yenu yaleteni shuleni kabla ya mwisho wa mwezi. Mbaki salama.